Feni Zazunguka, Kioo ni Giza



Naomba nafasi kidogo niwasimulie jambo lililotupata nyumbani kwangu mwezi wa Novemba. Si jambo la kujisifia. Mama watoto alinikataza nisiliandike, ati watu watanicheka. Nikamjibu kwamba kunicheka walikwisha kunicheka, basi yafaa sasa wapate na faida yake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi niliyestaafu. Kijiji chetu kiko wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, mwendo wa saa moja na nusu kwa pikipiki kutoka mjini. Umeme wa REA ulitufikia mwaka 2019, na tangu hapo twasaga nafaka, twachomelea vyuma, twanyoa nywele kwa mashine. Lakini kitu kimoja kilikosekana. Vijana wetu wakimaliza kidato cha sita, maombi ya chuo na ya mkopo hujazwa kwa mtandao. Hata maombi ya kazi ni vivyo hivyo. Basi kijana hupanda pikipiki hadi mjini, hukaa foleni siku nzima, hulipa nauli na chakula, na pengine hurudi hajamaliza kwa sababu amesahau cheti kimoja nyumbani. Nimewaona wazazi wakiuza magunia ya mpunga kwa safari tatu za namna hiyo.

Kitindamimba wangu alisoma mambo ya kompyuta miaka miwili chuoni. Aliporudi alisema: "Baba, tufungue chumba pale senta. Tutachapa barua, tutajaza fomu, tutatoa na nakala. Lakini tusinunue kompyuta iliyokwisha kuundwa. Tununue vifaa kimoja kimoja, niiunde mwenyewe. Itakuwa na nguvu zaidi kwa fedha ile ile, na siku kikiharibika kitu nitabadili kile kile tu." Nikaona ni maneno ya akili. Niliuza dume moja la ng'ombe. Binti yangu aliye kazini Dodoma akatuma shilingi laki tatu. Mama watoto akatoa akiba yake ya kikundi cha kuweka na kukopa, fedha ambayo mimi sikujua hata ilikuwa kiasi gani. Jumla ikapita shilingi milioni moja. Kwa nyumba yetu hiyo si fedha ya kuchezea.

Vifaa vilitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambaye kijana wangu alimpata kwa rafiki zake. Vikaja kwa basi, katika maboksi mawili, Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi kijana akatandika mkeka wa plastiki juu ya meza, akanawa mikono, akagusa kwanza chuma cha kasha ili umeme ule mdogo wa mwilini umtoke, maana waweza kuua vifaa bila wewe kusikia lo lote. Akaanza kazi. Mimi nikakaa kando na daftari. Miaka thelathini na mitano ya ualimu imeniachia tabia hiyo: kila kitu lazima kiandikwe tarehe na saa.

Kwa faida ya wasiojua, nieleze kidogo kama nilivyoelezwa. Kuna bapa kubwa lenye matundu mengi, mafundi huliita madabodi. Hilo ni kama ua wa mji: kila mtu wa nyumbani hukaa humo na njia zote hupita humo. Kuna prosesa, ndiyo kichwa, yenye kufikiri. Kuna vipande virefu vya ramu. Hivyo mimi nalivielewa upesi, kwa kuwa ni kama ubao wa darasani: mwalimu huandika humo kazi ya saa ile, na kengele ikilia hufutwa. Diski ndiyo daftari, haifutiki usiku. Kuna kadi ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora vile tunavyoviona kwenye kioo. Na kuna kisanduku cha umeme kinacholisha wote. Prosesa yetu ilikuwa AMD Ryzen 5 3600, aina iliyotoka mwaka 2019, iliyokwisha kutumika lakini nzima. Kadi ya picha nayo ilikuwa ya kutumika. Ramu zilikuwa vipande viwili.

Hata ilipofika saa kumi na mbili jioni, kazi ikaisha. Majirani watatu walikuwa wamekwisha kuja kushuhudia. Mama watoto alikuwa amechemsha chai. Kijana akachomeka waya wa kioo nyuma ya kasha, akachomeka umeme, akabonyeza swichi.

Feni zikaanza kuzunguka. Majirani wakapiga makofi! Nasi tukatazama kioo. Kikawa cheusi kabisa, kisha katikati kikatokea kijisanduku chenye maneno ya Kiingereza, maana yake: hakuna ishara. Kijisanduku kile kikahama kutoka pembe hii kwenda pembe ile, kama kinzi aliyepotea njia, halafu kikazimika. Kioo kikalala.

Kijana akazima, akawasha tena. Feni zikazunguka. Hakuna ishara. Majirani wakanywa chai, wakaaga.

Nataka kueleza vizuri yaliyofuata, maana ndiko penye kosa, na kosa lenyewe halikuwa moja.

Kwanza kijana alishika vitufe vya kioo. Kioo cha kompyuta huwa na milango kadhaa ya kupokea picha, na pengine chenyewe kimekaa kinasikiliza mlango huu na wewe umechomeka kwenye mlango ule. Akakizungusha kwenye milango yote. Hakuna. Ndipo akatazama nyuma ya kasha, akajipiga paji la uso. Nyuma pale kulikuwa na matundu mawili ya HDMI yanayofanana kabisa: moja la juu, lililo kwenye madabodi, na moja la chini, lililo kwenye kadi ya picha. Waya alikuwa ameuchomeka juu. "Baba, penye kadi ya picha waya huingia kwenye kadi." Akauhamisha chini. Mimi nikaandika: waya chini. Akawasha. Hakuna ishara.

Basi akaanza kuishuku kadi yenyewe, kwa kuwa ni ya kutumika. Akaing'oa, akairudisha kwenye boksi lake, akachomeka waya tena juu, akawasha bila kadi. Hakuna. Nikaandika: kadi imetolewa, waya juu. Hapo akasema, "Basi si kadi." Akairudisha kadi mahali pake. Ilikuwa saa nne usiku, tukalala.

Ijumaa tulifanya jambo moja la busara. Tuliazima kompyuta ya mkononi ya mwalimu wa sekondari, tukaiunganisha na kioo chetu kwa waya wetu ule ule. Picha ikatoka safi. Kwa hiyo tukajua kwa hakika kwamba kioo ni kizima na waya ni mzima, na ugonjwa umo ndani ya kasha. Namna hii ya kugawa shaka nusu kwa nusu naisifu sana. Ukiwa na bomba lisilotoa maji huanzi kuchimba njia nzima. Wafungua katikati, watazama kama maji yamefika hapo.

Ndani ya kasha kijana akakagua nyaya za umeme. Madabodi hulishwa kwa waya mmoja mnene wa pini 24. Lakini karibu na prosesa kuna tundu jingine la pini 8, na watu wengi hulisahau. Ukilisahau, feni zitazunguka na taa zitawaka, lakini prosesa itakaa na njaa. La kwetu lilikuwa limechomekwa. Kadi kubwa za picha nazo hudai waya wao wenyewe wa umeme. Yetu ni ndogo, hula kutoka kwenye tundu lake. Akatazama vile viguu vidogo ambavyo madabodi husimama juu yake ili isigusane na bati la kasha: vyote vipo, na hakuna kilichozidi. Akachomoa umeme, akatoa betri ndogo ya mviringo kama sarafu, ile CR2032 ya volti 3, akaiweka mezani kwa dakika kumi, kisha akairudisha. Betri hiyo huitunzia mashine saa yake na mipango yake ya kuamkia. Ukiitoa, mashine husahau mipango mibaya na huanza upya. Haya yote nimeyaandika katika daftari, kila moja na saa yake. Na kila moja, neno la mwisho: hakuna ishara.

Jioni ile nikapoteza subira. Nikachukua simu ya kijana bila kumwambia, nikampigia yule mfanyabiashara wa Kariakoo. Akapokea kwa adabu: "Shikamoo mzee." Sikuitikia hata marahaba. Nikamwambia ametuuzia vyuma vilivyokufa, kwamba watu wa mjini mwatuona sisi wa mashamba hatuna macho, kwamba nitakwenda polisi. Yeye akasema, "Pole sana mzee. Hebu niambie kwanza, ule waya wa kioo..." Nikamkatiza. Nikamwambia waya tumekwisha kuupima, ni mzima, usinipoteze. Nikakata simu.

Jumamosi umeme ulikatika tangu asubuhi hadi usiku, hatukufanya lo lote. Siku ile kijana hakusema maneno ishirini. Alikaa barazani akisafisha pini kwa kitambaa, moja moja.

Sasa nifike Jumapili, na hapa wasomaji wanivumilie. Baada ya Misa tulisimama chini ya mwembe kama kawaida yetu wanaume. Mmoja akauliza, "Mwalimu, kompyuta imeanza kazi?" Ningeweza kujibu bado, basi. Lakini nalikuwa na uchungu wa ng'ombe wangu. Nikasema tumeibiwa. Wakapokea neno hilo kwa furaha, maana kila mmoja ana hadithi yake ya kuibiwa na mtu wa mjini. Nami nikaona wananisikiliza, nikaongeza: "Na kijana mwenyewe hajui kazi aliyoisomea. Miaka miwili ya karo nimeitupa mtoni." Wakanyamaza ghafula. Nikageuka, nikamwona kijana wangu yuko nyuma yangu, ameshika baiskeli yangu aliyokuwa akiniletea.

Hakusema neno. Aliiegemeza baiskeli kwenye mwembe, akaondoka kwa miguu.

Chakula cha mchana hakula nyumbani. Cha jioni pia. Mama watoto alikuwa amekwisha kupata habari, sijui kwa nani, maana wanawake walikuwa upande wa pili wa uwanja. Aliniwekea ugali mbele yangu, akaketi mbali. Kama saa mbili usiku kijana akaingia, akatuamkia wote wawili kwa heshima yake ile ile, akasema: "Baba, nitaifungua yote, nivirudishe vifaa kwenye maboksi. Kesho nitavipeleka Dar es Salaam mwenyewe. Nauli nitaitafuta." Akasogeza meza, akawasha mashine mara moja ya mwisho, nadhani kwa kuiaga tu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha juzi yake, na wasomaji wa upande wetu wajua maana yake. Kumbikumbi wakaja. Wakajaa kwenye taa, wakaanguka mezani, wakaingia ndani ya kasha lililokuwa wazi ubavuni. Mama watoto akapiga kelele, "Zimeni taa!" akaizima mwenyewe, akaenda kuwasha ile ya nje ili wafuate mwanga huko. Tukabaki gizani, feni zikivuma.

Ndipo tukaiona. Katika pembe ya madabodi, nyuma ya fungu la nyaya, palikuwa na kitaa kidogo kuliko punje ya mtama, kinawaka. Mchana hatukukiona kwa sababu ya mwanga, na usiku kwa sababu ya balbu. Kijana akainama na tochi ya simu. Kando ya kitaa pameandikwa herufi nne: DRAM.

"Baba," akasema, "mashine imekuwa ikituambia siku zote hizi."

Nikaja kuelewa baadaye. Baadhi ya madabodi hizi zina vitaa vinne, na mashine ikiamka hukagua nyumba yake kwa zamu: prosesa, kisha ramu, kisha picha, kisha diski ya kuanzia. Ikikwama pahali, kitaa cha hapo hubaki kinawaka. Madabodi nyingine hazina vitaa, bali huchomekwa kispika kidogo kinacholia mlio mfupi au mrefu, na kitabu chake hueleza maana ya milio. Yetu ilikuwa imekwama kwenye ramu, yaani darasa lisilo na ubao. Na pasipo ubao somo halianzi, hata picha ya kwanza haichorwi. Ndiyo sababu kioo chasema hakuna ishara ingawa kioo hakina kosa lo lote. (Kwa mashine mpya zenye ramu za aina ya DDR5, mtu asiwe na haraka: mara ya kwanza huweza kukaa kimya dakika kadhaa zikizipima ramu zake, na huo si ugonjwa. Yetu ni DDR4, haikuwa na udhuru huo.)

Kijana akazima, akachomoa umeme, akavitazama vipande vya ramu kwa tochi. Vilikuwa katika matundu yake sawasawa, la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kama kitabu kisemavyo. Vilionekana vimekaa. Lakini mama watoto aliyekuwa akishika tochi akauliza, "Hiki mbona upande mmoja kimeinuka?" Kimeinuka kama unene wa ukucha, wala si zaidi. Kijana akasema aliogopa kukandamiza sana Alhamisi ile, asije akapasua madabodi. Ni fedha ya watu. Mama yake akamwambia: "Kufuli lisipolia, halijafunga. Kandamiza mwanangu, nami nimeshika."

Akakichomoa, akakipuliza, akakilinganisha na pengo lake, akakandamiza kwa vidole gumba viwili, huku na huku. Tik. Tukaisikia sote watatu. Na cha pili vivyo hivyo: tik.

Akawasha. Kitaa cha DRAM kikawaka kitambo, kikazima. Kikawaka cha picha, kikazima. Kikawaka cha mwisho, cha diski, kikabaki hapo. Kijana akaruka. "Hicho ni sawa, Baba, diski yetu bado tupu, haina kitu cha kuanzia. Imepita! Ramu imepita!"

Tukageukia kioo. Hakuna ishara.

Wasomaji, nimezika wazazi wangu wawili na sikulia mbele ya watu, lakini usiku ule nilikaribia. Kijana alisimama tu. Halafu akatoka nje, akaketi kwenye ngazi gizani pamoja na kumbikumbi wake. Mama yake akamfuata.

Mimi nikabaki na daftari. Sikuwa na maarifa mengine. Mtu wa kompyuta si mimi. Nikawasha balbu, nikalisoma tangu mwanzo kama nasahihisha insha. Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu: waya juu. Saa moja: waya chini. Saa tatu: kadi imetolewa, waya juu. Saa nne kasoro: kadi imerudishwa. Nikangoja kuona mstari usemao waya umerudishwa chini. Haupo. Ijumaa: waya umetolewa kupimwa kwa kompyuta ya mwalimu, umerudishwa. Umerudishwa wapi? Sikuandika. Nikazunguka nyuma ya kasha. Waya ulikuwa juu.

Nikamwita. Nikamwambia, "Waya uko juu." Akajibu kwa uchovu, "Chini tulikwisha kujaribu, Baba, siku ya kwanza kabisa."

Nikasema, "Ndiyo, lakini siku ile ramu ilikuwa haijafunga."

Akanitazama. Akalitazama daftari. Nikamwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari. Tulipoweka waya mahali pake, ramu ilikuwa mbovu. Kwa hiyo tukadhani mahali pale si pake, tukauondoa. Tulipoweka ramu mahali pake, waya ulikuwa umekwisha kuondoka. Makosa mawili yalikuwa yakifichana, na kila tulipolitibu moja, la pili likatuambia dawa haifai. Katika siku nne hatukuyatibu yote mawili kwa wakati mmoja hata mara moja.

Hakungoja nimalize. Akauchomoa waya juu, akauchomeka chini kwenye kadi, akabonyeza swichi. Kitambo kidogo, kama pumzi tatu. Halafu kioo kikajaa maandishi: jina la madabodi, jina la prosesa, ramu GB 16, diski GB 240, hata joto la prosesa na mwendo wa feni. Mama watoto aliuliza picha iko wapi. Tukamwambia hiyo ndiyo picha yenyewe.

Asubuhi kijana alinieleza kwa nini lile tundu la juu lilikuwa haliwezi kutoa kitu hata tungengoja mwaka. Prosesa nyingine zina uwezo wa kuchora picha zenyewe, nyingine hazina. Hii yetu haina. Zile za aina yake za miaka ile zenye uwezo huo huwa na herufi G mwishoni mwa jina. Na kwa upande wa Intel, zenye herufi F mwishoni ndizo zisizo nao. Lakini mtengeneza madabodi hajui wewe utaweka prosesa gani, basi huweka tundu la picha kwa vyo vyote. Ni kama lile bomba lililosimikwa karibu na zahanati yetu miaka mitatu: koki nzuri, inang'aa, lakini chini haijaunganishwa na tangi. Kompyuta za chuoni kwao zote zilikuwa na prosesa zenye uwezo huo, ndiyo maana hakulifikiria. Na alipoitoa kadi, akachomeka juu, akasema "basi si kadi", hukumu ile ilikuwa batili tangu mwanzo, maana bila kadi hapakuwa na wa kuchora kitu.

Sasa kuna yale mengine. Usiku ule ule, kabla ya kulala, nilimwita kijana wangu tukakaa yeye, mama yake na mimi. Niliyomwambia si ya gazeti. Nitasema tu kwamba alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama naweza kumwachia daftari lile, alitundike kwenye chumba cha senta. Liko pale mpaka leo, kwenye msumari karibu na swichi, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kila anapofungua mashine ya mtu huandika: nini kilikuwa wapi, nini kimehamishwa, kimerudishwa wapi. Neno "kimerudishwa wapi" amelipigia mstari kwa wino mwekundu.

Jumapili iliyofuata nikasimama chini ya mwembe. Wanaume walikuwa wale wale, nami nilihakikisha hivyo kabla ya kufungua kinywa, maana neno lililosemwa mbele ya watu sita halifutwi mbele ya wawili. Nikasema hatukuibiwa, vifaa vyote ni vizima, kosa lilikuwa letu, na lililokuwa kubwa kuliko yote lilikuwa langu, la kuwasema watu ambao hawakukosa. Mmoja akataka kuliendeleza liwe mzaha. Mwingine akamwuliza kijana kama anaweza kumtazamia redio. Akasema ailete.

Iliyobaki ilikuwa simu ya Kariakoo, na hiyo niliiahirisha siku mbili kwa visingizio vya kila namna: mara salio, mara mtandao. Mwisho mama watoto akaniletea simu ikiwa imekwisha kuita.

"Shikamoo mzee," akasema yule kijana, kwa sauti ya mtu anayejiandaa kutukanwa.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Nikamweleza yote, ramu na waya, nikamwomba radhi kwa maneno ya polisi na ya watu wa mjini. Akanyamaza kidogo. Nikasikia magari ya Kariakoo yakipiga honi nyuma yake. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Mzee," akasema, "siku ile nalitaka kukuuliza neno moja tu. Waya wa kioo mmeuchomeka juu, au chini?"

"Juu," nikamwambia.